Biashara ya kunyoosha meno kwa kompyuta: Jino lisipotii picha, nani alipe?

WATU waliokuwa katikati ya kunyoosha meno yao kupitia kampuni ya SmileDirectClub ya Nashville, Marekani, walipata habari Desemba 8, 2023 kwamba kampuni hiyo imefunga shughuli zake zote duniani. Wengine walikuwa bado hawajafika nusu ya matibabu. Ahadi ya kutengenezewa vifuniko vingine vya meno endapo matokeo yasingeridhisha ilikufa siku hiyo hiyo. Waliokuwa wakilipa kwa awamu waliambiwa waendelee kulipa.

Miaka minne tu kabla ya hapo, Septemba 2019, kampuni hiyo iliuza hisa zake kwa umma kwa bei ya dola 23 za Marekani kila hisa na kukusanya zaidi ya dola bilioni 1.3. Siku ya kwanza ya biashara katika soko la Nasdaq bei ilianguka hadi chini ya dola 17. Tangu hapo kampuni haikupata faida hata mwaka mmoja, na ilipoomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwishoni mwa Septemba 2023, madeni yake yalikuwa yamekaribia dola milioni 900.

Kilichoiangusha SmileDirectClub ni gharama na madeni. Hata hivyo, namna ilivyoanguka inafaa kutazamwa na kila mwenye nia ya kuweka mtaji katika tiba inayotegemea kompyuta, kwa sababu inafichua kile hasa kinachouzwa katika soko hili. Mteja huonyeshwa kwenye skrini meno yake yakisogea hatua kwa hatua hadi yanakaa mstari mmoja. Akiridhika na picha hiyo, analipa. Plastiki anayoletewa baadaye ni njia tu ya kutimiza ahadi ya picha, na ahadi hiyo huchukua miezi mingi kutimia. Katika muda wote huo muuzaji ana deni kwa mteja, hata kama fedha zimekwisha kuingia benki.

KIFAA CHENYEWE

Kifaa kinachozungumzwa huitwa alaina. Ni kifuniko chembamba cha plastiki angavu, chenye unene wa karibu robo tatu ya milimita, kinachovalishwa juu ya meno yote ya taya moja. Umbo lake halilingani sawasawa na meno ya mvaaji. Limetengenezwa likiwa mbele kidogo ya pale meno yalipo, hivyo likivaliwa husukuma jino lielekee mahali papya. Mvaaji hukaa nalo kati ya saa 20 na 22 kwa siku, akilivua wakati wa kula na kupiga mswaki. Baada ya wiki moja au mbili hulitupa na kuvaa la pili, ambalo nalo limesogezwa mbele zaidi, na kadhalika hadi mwisho wa mfululizo.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1945 daktari wa meno wa Marekani, H. D. Kesling, alieleza jinsi kifaa cha mpira kinavyoweza kutengenezwa juu ya kalibu ya meno yaliyokatwa moja moja na kupangwa upya kwa nta. Alitambua kuwa mfululizo wa vifaa vya namna hiyo ungeweza kufanya safari ndefu zaidi. Kikwazo kilikuwa kazi ya mikono. Kwa kila hatua fundi alipaswa kukata meno ya plasta, kuyapanga, kuyagandisha na kutengeneza kalibu mpya. Hatua tatu au nne ziliwezekana. Hatua 40 zingemfilisi mwenye kliniki.

Kilichoondoa kikwazo hicho ni vitu viwili vilivyokomaa kwa pamoja katika miaka ya 1990. Cha kwanza ni kompyuta yenye nguvu ya kuchora umbo la pande tatu na kuligeuza mbele ya macho. Cha pili ni mashine inayojenga kitu halisi kutokana na mchoro huo kwa kugandisha rezini ya maji kwa mwanga wa leza, tabaka juu ya tabaka. Mashine hiyo ilipata hataza Marekani mwaka 1986 kwa jina la Charles Hull.

Mwaka 1997 Zia Chishti na Kelsey Wirth, waliosoma pamoja shahada ya uzamili ya biashara katika Chuo Kikuu cha Stanford, California, walianzisha kampuni ya Align Technology. Hakuna kati yao aliyekuwa daktari wa meno. Chishti alikuwa amenyooshwa meno ukubwani na kupewa kifuniko angavu cha kuyashikilia. Inasimuliwa kwamba aliona kuwa akikaa siku kadhaa bila kukivaa meno yanasogea, na akikivaa tena yanarudi. Kama plastiki inaweza kurudisha jino, basi plastiki nyingi zilizopangwa kwa hesabu zinaweza kulipeleka mbele. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu bidhaa yao, Invisalign, mwaka 1998, na mauzo yakaanza mwaka uliofuata.

KOMPYUTA INAVYOFANYA KAZI

Kazi huanza kwa kuchukua umbo la kinywa. Zamani daktari alimng'atisha mgonjwa ute mzito unaoganda kinywani, kisha akautuma kiwandani kwa ndege. Siku hizi kliniki nyingi hutumia skana ndogo inayopitishwa juu ya meno. Align iliona umuhimu wa hatua hiyo mapema, na mwaka 2011 ilitoa takriban dola milioni 190 kuinunua kampuni ya Cadent iliyokuwa ikitengeneza skana za iTero.

Umbo likishaingia katika kompyuta huwa kama kipande kimoja cha sabuni, meno na fizi vimeshikana. Programu, ikisaidiwa na fundi, hukata kila jino lijitegemee. Katika miaka ya mwanzo kazi hiyo ilifanywa kwa mkono na kipanya, na Align iliajiri mamia ya mafundi mjini Lahore, Pakistani. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani, kampuni ilifunga ofisi hizo na kuhamishia kazi Costa Rica. Leo sehemu kubwa ya ukataji hufanywa na akili mnemba, na fundi hubaki kukagua.

Hatua inayofuata ni kupanga mwisho. Fundi husogeza kila jino hadi mahali daktari alipoagiza, kisha programu hugawanya safari hiyo katika hatua ndogo. Kwa kawaida jino halipewi zaidi ya robo milimita kwa hatua moja, wala halizungushwi zaidi ya nyuzi chache. Programu hukagua pia kwamba hakuna jino linalopita ndani ya jirani yake, kwa sababu kwenye skrini jambo hilo linawezekana. Mahali penye msongamano hupendekeza meno yapunguzwe pembeni kwa sehemu ndogo za milimita ili nafasi ipatikane.

Hesabu yake ni nyepesi. Jino linalotakiwa kwenda milimita 4, kwa robo milimita kila hatua, linahitaji alaina 16. Zikibadilishwa kila baada ya wiki mbili, kama ilivyokuwa desturi hapo mwanzo, ni wiki 32. Zikibadilishwa kila wiki, kama Align ilivyoanza kupendekeza mwaka 2016, ni wiki 16. Mgonjwa huonyeshwa mwendo mzima kama sinema fupi. Programu ya Align inayofanya hivyo huitwa ClinCheck, na daktari ndiye anayepaswa kuikubali au kuirudisha kabla kiwanda hakijaanza kazi.

Baada ya hapo kila hatua huchapwa kama kalibu, plastiki iliyopashwa moto hubanwa juu yake, hukatwa, hung'arishwa na kufungwa. Kiwanda kikuu cha Align kipo Ciudad Juárez, Mexico. Kila kipande ni cha mtu mmoja tu na cha wiki moja tu katika maisha yake. Kalibu yenyewe hutupwa, na huo ni upotevu ambao kampuni imekusudia kuuondoa. Ndiyo sababu mwanzoni mwa 2024 ilikamilisha ununuzi wa Cubicure ya Austria, yenye ujuzi wa kuchapa plastiki moja kwa moja bila kupitia kalibu.

JINO HALIPO HEWANI

Udhaifu wa picha hiyo huanza pale skana inapoishia. Skana huona sehemu ya jino iliyo juu ya fizi. Mzizi haiuoni, na usipopigwa picha maalumu ya eksirei ya pande tatu, programu hulichorea jino mzizi wa kukadiria. Jambo kubwa zaidi ni kwamba katika uigaji wa kawaida wa kliniki jino husogea kana kwamba linaelea hewani. Kompyuta inahesabu umbali na pembe. Haihesabu jinsi mwili utakavyoitikia.

Katika kinywa, jino limening'inizwa ndani ya mfupa wa taya kwa utando wa nyuzinyuzi wenye unene wa karibu moja ya tano ya milimita. Jino likisukumwa, utando hubanwa upande mmoja na kuvutwa upande mwingine. Upande uliobanwa, chembe maalumu za mwili hula mfupa. Upande uliovutwa, chembe nyingine hujenga mfupa mpya. Jino husogea kwa kadiri chembe hizo zinavyofanya kazi, na kasi ya karibu milimita moja kwa mwezi huhesabiwa kuwa nzuri. Umri, dawa anazotumia mtu, afya ya fizi na ugumu wa mfupa hubadilisha kasi hiyo, na vyote hivyo havimo katika sinema ya skrini.

Plastiki nayo ina tabia zake. Ikishavutwa na kuvikwa juu ya meno hulegea, na nguvu yake hupungua sana katika saa na siku za mwanzo. Jino la mviringo, kama chonge, halina kona ya kushika, hivyo plastiki huteleza likitakiwa kuzungushwa. Kulivuta jino lishuke kutoka kwenye fizi ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa kifuniko hakina mahali pa kulishikia. Kwa sababu hiyo madaktari hubandika vinundu vidogo vya dawa ya kuzibia meno juu ya jino, ili plastiki ipate mshiko. Align ilibadilisha plastiki yake mwaka 2013 kwa kuingiza aina inayoitwa SmartTrack, iliyokusudiwa kutunza nguvu kwa muda mrefu zaidi.

Watafiti wa vyuo vikuu wamejaribu kuziba upungufu huo kwa uigaji wa namna nyingine, ambao wahandisi wa madaraja na ndege wameutumia kwa miaka mingi. Jino, utando, mfupa na plastiki hukatwa katika kompyuta kuwa vipande vidogo maelfu kwa maelfu, na nguvu inayopita kutoka kipande kimoja hadi kingine huhesabiwa. Uigaji huo umesaidia sana kuonyesha kinundu kiwekwe wapi na plastiki iwe na umbo gani. Lakini nao una mpaka wake. Ugumu wa ule utando mwembamba, ambao ndio kiini cha hesabu yote, hutofautiana mara maelfu baina ya utafiti mmoja na mwingine. Zaidi ya hayo, mahesabu mengi ya namna hiyo huonyesha jino linavyotikisika mara tu linaposukumwa. Mahali litakapokuwa baada ya miezi sita ni swali jingine.

ASILIMIA 41, KISHA ASILIMIA 50

Pengo kati ya picha na jino limepimwa. Mwaka 2009 jarida la chama cha madaktari bingwa wa kunyoosha meno cha Marekani lilichapisha utafiti wa Kravitz na wenzake uliofuatilia wagonjwa 37 na meno ya mbele 401. Walilinganisha mahali kompyuta ilipotabiri na mahali meno yalipofika baada ya mfululizo wa alaina. Kwa wastani meno yalitimiza asilimia 41 ya mwendo uliotabiriwa. Kazi ya kulivuta jino lishuke ilikuwa ya mwisho, kwa asilimia 29.6.

Mwaka 2020 jarida hilo hilo lilichapisha utafiti uliorudia zoezi hilo kwa wagonjwa 38, wakitumia plastiki mpya na vinundu vilivyoboreshwa. Wastani ulipanda hadi asilimia 50. Kwa maneno mengine, miaka 11 ya kazi, plastiki mpya na mamilioni ya wagonjwa vilileta nyongeza ya pointi tisa. Hayo ni maendeleo, lakini bado nusu ya mwendo ulioonyeshwa kwenye skrini haikutokea katika duru ya kwanza.

Takwimu hizo zisisomwe vibaya. Hazisemi kwamba nusu ya wagonjwa wanatoka na meno yaliyopinda. Daktari mzoefu anafahamu udhaifu wa picha, hivyo huagiza jino lipelekwe mbali kuliko anavyotaka ili lifike anapotaka. Akiona limebaki nyuma, huchukua umbo la kinywa upya na kuagiza mfululizo mwingine. Safari hiyo ya pili ndiyo inayofanya tiba ikamilike, na ndiyo inayogeuza takwimu ya kitabibu kuwa takwimu ya kibiashara. Alaina za nyongeza lazima zipangwe, zichapwe, zifungwe na kusafirishwa. Gharama ipo, na lazima mtu aibebe.

PENGO KATIKA VITABU VYA HESABU

Align ililijibu swali hilo hadharani Julai 2015. Ilitangaza kwamba kwa bidhaa yake kamili daktari ataweza kuagiza alaina za nyongeza bila malipo ndani ya miaka mitano. Madaktari walifurahi. Wahasibu walilazimika kugawa upya mapato, kwani sehemu ya fedha iliyolipwa leo ni malipo ya kazi ambayo huenda ikafanywa miaka kadhaa baadaye. Fedha hizo huandikwa kama mapato yaliyoahirishwa. Mwishoni mwa mwaka 2021 mapato ya namna hiyo katika vitabu vya Align yalizidi dola bilioni 1.

Mwekezaji anayetazama mauzo na faida peke yake hukosa habari iliyomo katika mstari huo. Ndani yake limo pengo kati ya picha na jino, likiwa limeandikwa kwa dola. Kompyuta ikitabiri vizuri zaidi, kazi ya nyongeza hupungua na fedha hizo hugeuka kuwa faida halisi. Ikitabiri vibaya, kiwanda hufanya kazi ambayo kilishalipwa zamani. Si ajabu kwamba katika miaka ya karibuni kampuni imeingiza pia bidhaa zenye marekebisho machache na muda mfupi zaidi, ili deni hilo liwe na kikomo.

Kampuni zilizouza moja kwa moja kwa mteja zilichagua njia tofauti. SmileDirectClub iliuza kwa chini ya dola 2,000 mwaka 2019, wakati mgonjwa wa kliniki ya Marekani kwa kawaida hulipa kati ya dola 3,000 na 8,000. Punguzo hilo lilitokana na kuondoa kiti cha daktari. Mteja alijichukulia umbo la meno nyumbani au alikwenda kwenye duka la kampuni, na daktari alikagua mpango akiwa mbali. Hakukuwa na mtu wa kuangalia kinywa kila baada ya wiki kadhaa na kuona kwamba chonge limebaki nyuma.

Jirani yake katika biashara hiyo, Byte, ilinunuliwa na Dentsply Sirona kwa zaidi ya dola bilioni 1 mwishoni mwa 2020. Oktoba 2024 mnunuzi alisimamisha kwa hiari yake uuzaji wa alaina hizo ili kupitia upya masharti ya udhibiti.

HATAZA NA MAHASIMU

Align yenyewe ilifika ilipo kwa kulinda picha yake mahakamani. Hisa zake ziliingia Nasdaq Januari 2001 kwa dola 13. Mwaka uliofuata Chishti aliondoka katika uongozi, na mwaka 2005 akaanzisha kampuni pinzani, OrthoClear. Kesi za hataza zilifuata, na mwaka 2006 zikamalizwa kwa mapatano. Align ililipa dola milioni 20, na OrthoClear ikaacha kupokea wagonjwa.

Katika mapatano hayo limo jambo linalofaa kukumbukwa leo. Wagonjwa wa OrthoClear waliobaki njiani walichukuliwa na Align na kumaliziwa matibabu bila malipo ya ziada kwa kampuni. Wagonjwa wa mwaka 2006 walipata wa kuwapokea. Wale wa Desemba 2023 waliachwa watafute daktari wao wenyewe.

Hataza za mwanzo za Align zilianza kumaliza muda wake Oktoba 2017, na mlango ukafunguka. Mwaka huo huo Straumann ya Uswisi iliinunua ClearCorrect kwa takriban dola milioni 150. Nchini China kampuni ya Angelalign, iliyoanzishwa mwaka 2003, iliingia soko la hisa la Hong Kong Juni 2021 kwa dola 173 za huko, na bei ikapanda zaidi ya mara mbili siku ya kwanza. Kushindana kwa plastiki kumekuwa rahisi. Kinachobaki kuwa kigumu kununua ni kumbukumbu ya matibabu ya zamani. Mwaka 2021 Align ilivuka idadi ya wagonjwa milioni 10, na kila mmoja wao ni ushahidi wa wapi kompyuta ilipatia na wapi ilikosea.

KLINIKI INAPOKUWA KIWANDA

Bei za printa za pande tatu zimeshuka kiasi kwamba kliniki yenyewe inaweza kupanga meno katika kompyuta yake, kuchapa kalibu na kubana plastiki bila kumtegemea mtu wa Mexico wala Shanghai. Kwa mwenye kliniki hesabu hiyo inavutia, kwa vile anaacha kulipa kiwanda cha mbali na usafirishaji. Lakini mwenye kununua printa ananunua na pengo lake. Mfululizo wa pili na wa tatu, ambao kiwanda kikubwa hukigawa katika gharama za mamilioni ya wateja, kliniki itaubeba peke yake. Akipanga bei kwa kuhesabu plastiki na rezini tu, atakuwa ameuza ahadi kwa bei ya malighafi.

Daktari wa pwani ya Afrika Mashariki ana sababu moja zaidi ya kuikagua picha kwa makini. Kwa Waswahili, mwanya kati ya meno mawili ya mbele ya juu ni urembo, na mwenye mwanya husifiwa. Mpangaji wa meno aliyefundishwa kwingine huuona mwanya kama kasoro, na asipoambiwa vinginevyo ataufunga. Fomu za kuagizia alaina zina mahali pa kuandika nafasi zipi zifungwe na zipi ziachwe. Asiyejaza mahali hapo anaweza kumlipisha mteja fedha nyingi kwa kumwondolea kile ambacho mwenyewe alikuwa akijivunia. Meno yaliyokwisha kusogezwa hayarudishwi kwa kubofya kitufe.

SOKO KWA UFUPI

Align Technology, Nasdaq: hisa iliyoanza kwa dola 13 Januari 2001 ilipita dola 700 Septemba 2021, kisha ikashuka hadi chini ya dola 200 Novemba 2022. Mauzo yalikuwa dola bilioni 3.95 mwaka 2021, bilioni 3.73 mwaka 2022, na karibu bilioni 4 mwaka 2024.

SmileDirectClub: dola 23 Septemba 2019. Ilifungwa Desemba 2023.

Align na SmileDirectClub ziliwahi kuwa washirika. Julai 2016 Align ilinunua asilimia 17 ya kampuni hiyo kwa dola milioni 46.7 na kuitengenezea alaina, kabla ya kuingia katika mgogoro uliowatenganisha.

Mwenye kufikiria kuingia katika biashara hii, awe mnunuzi wa hisa, mwenye kliniki au mgonjwa mwenye fedha mkononi, ana maswali matatu ya kuuliza kabla ya kuweka sahihi. Meno yakifika nusu ya picha, nani atagharamia nusu iliyobaki? Ahadi hiyo imeandikwa kwa muda gani? Na muuzaji akifunga milango katikati ya safari, ni nani atakayeipokea faili ya mgonjwa? Kampuni yenye majibu ya maandishi kwa maswali hayo inaweza kuwa na bei ya juu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika biashara hii daftari lenyewe limo kinywani mwa mteja.